Kupima uwezo wa kuona, watoto kwa wakubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila siku kwenye benchi la kliniki ya macho na kwenye vikao vya wazazi shuleni. Yanaanza na ya msingi, yanamalizia na wagonjwa ambao chati ya kawaida haiwafai. Ukiwa na mtoto mdogo, nenda moja kwa moja sehemu ya watoto, na lile swali la weupe kwenye mboni lisome hata kama halikuhusu leo.

## Ya msingi

Kupima uwezo wa kuona ni kupima nini hasa?

Ni kutafuta kitu kidogo kabisa ambacho jicho linakitambua kutoka umbali maalumu, kikiwa cheusi juu ya cheupe na mwanga ukiwa wa kutosha. Kipimo hiki hakisemi kama una presha ya macho, hakisemi kama unatofautisha rangi, wala hakipimi unavyoona pembeni. Kinapima kazi ya sehemu ya katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), ile unayoitumia kusoma na kutambua sura ya mtu.

Hata hivyo ndicho kipimo cha kwanza kwa kila anayefika kliniki ya macho, awe ameingiwa na mchanga au ana mtoto wa jicho. Kwa kawaida hufanywa kabla ya jicho kumulikwa tochi au kutiwa dawa ya kupanua mboni. Jicho lililomwagikiwa kemikali huoshwa kwanza, mengine baadaye. Bila namba ya siku ya kwanza, hakuna atakayeweza kusema kama jicho limepona au limezidi kuharibika. Ningeambiwa nibaki na kipimo kimoja tu katika zahanati isiyo na mashine hata moja, ningebaki na hiki.

6/6 maana yake nini? Na 6/18 au 6/60?

Namba ya juu ni umbali uliopimiwa, yaani mita 6. Namba ya chini ni umbali ambao jicho lenye uwezo wa kawaida lingeisoma herufi hiyohiyo. Mwenye 6/18 analazimika kusogea hadi mita 6 ili asome kile ambacho mwenzake anakisoma akiwa mita 18. Mwenye 6/60 ameishia kwenye ile herufi kubwa ya juu kabisa.

Ndugu walioko Marekani huandikiwa 20/20, kwa kuwa kule wanahesabu kwa futi. Futi 20 ni karibu sawa na mita 6, hivyo 20/20 na 6/6 ni kitu kimoja. Tena 6/6 si kilele, kwani vijana wengi husoma 6/5. Wala si asilimia: mwenye 6/12 hajapoteza nusu ya macho yake.

Kwenye kadi yako, VA ndiyo alama ya kipimo hiki, RE ni jicho la kulia na LE ni la kushoto. Ukiona 6/9-2, umesoma mstari wa 9 ukakosea herufi mbili.

Nani aliamua herufi ziwe na ukubwa ule?

Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1862. Alichora kila herufi kwa hesabu: ikiwa kwenye umbali wake, herufi nzima ifanye pembe ya dakika 5 kwenye jicho (dakika ya pembe ni sehemu moja ya 60 ya digrii), na kila mstari unaoiunda dakika 1. Kutokana na hesabu hiyo, kwenye chati ya mita 6 herufi ya mstari wa 6 ina urefu wa milimita 8.7 hivi, na ile kubwa ya 60 ina sentimita 8.7.

Namba hizo mbili zikariri kama una chati ya kuchapisha. Chati nyingi zinazobandikwa ukutani zimetolewa kopi, kopi ikatolewa kopi nyingine, na kila mara ukubwa umebadilika. Weka rula kwenye herufi ya juu. Ikiwa na sentimita 6, kila mtu aliyepimwa hapo ameandikiwa namba isiyo yake.

Kuna pia mfumo mpya zaidi uliotengenezwa Australia na Ian Bailey na Jan Lovie mwaka 1976: kila mstari una herufi tano, na nafasi kati ya herufi hupungua kwa kipimo kilekile. Matokeo yake huandikwa 0.0 kwa 6/6, 0.3 kwa 6/12 na 1.0 kwa 6/60. Huku namba ndogo ndiyo nzuri, kwa hiyo ukikuta 0.0 kwenye kadi usishtuke.

Namba ikifika wapi ndipo inahesabika kuwa mbaya?

Kwa takwimu, Shirika la Afya Duniani huangalia lile jicho lenye nafuu. Likishindwa kufika 6/12, upungufu unaitwa mdogo. Chini ya 6/18 ni wa kati. Chini ya 6/60 ni mkubwa. Chini ya 3/60 ni upofu. Madaraja hayo yanafaa kuhesabu watu wa taifa zima. Kwa mtu mmojammoja hayatoshi: mtoto mwenye 6/6 kulia na 6/36 kushoto hayumo katika daraja lolote, na bado anahitaji kuonwa haraka (sababu imo kwenye swali la jicho mojamoja).

## Watu wazima kliniki

Nikifika nitapimwaje?

Utakaa au kusimama mita 6 kutoka kwenye chati. Chumba kikiwa kifupi kuna chati za mita 3 au 4, au kioo kinachoakisi chati iliyo nyuma yako. Utaziba jicho la kushoto, usome kwa la kulia, kisha kinyume chake. Kama una miwani ya kuonea mbali, ivae. Wengi huivua kwa adabu, wakidhani daktari anataka kuona "macho yenyewe". Tunapima vyote viwili, ila tunachotaka kujua kwanza ni unavyoona ukiwa njiani au kazini.

Ziba jicho kwa kikingio au kiganja kilichokunjwa kidogo. Vidole vinaacha mianya, na kulibonyeza jicho hulitia ukungu kwa dakika kadhaa, hivyo zamu yake ikifika litasoma vibaya bila kosa lake. Usifinye macho. Na ukifika mahali ambapo huna hakika, kisia. Herufi uliyoikisia ukapata inahesabiwa, na mstari hukubaliwa ukisoma zaidi ya nusu yake.

Kwa nini nimepewa kikingio chenye kitundu nichungulie?

Kitundu cha milimita moja na ushee huruhusu mwanga wa katikati tu uingie, ule usiohitaji kupindwa sana na lenzi ya jicho. Kama umesoma 6/24, ukachungulia ukasoma 6/9, tatizo lako kubwa huenda ni la miwani. Kama kitundu hakikuongeza kitu, tunaanza kufikiria mtoto wa jicho, retina, mshipa wa fahamu wa jicho au jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo umelipuuza tangu utotoni. Kifaa hiki ni cha bei ndogo mno, na humwokoa mgonjwa na safari ya kwenda kununua miwani ambayo haitamsaidia.

Nisipoiona hata herufi ya juu?

Unasogezwa. Ukiisoma kwa mita 3 unaandikiwa 3/60, kwa mita 1 ni 1/60. Ikishindikana, mpimaji anakuonyesha vidole uhesabu (CF), kisha anapunga mkono mbele ya jicho (HM), kisha anawasha tochi na kuuliza kama unaona mwanga na unatoka upande gani (PL). NPL ni jicho lisiloona hata mwanga.

Hatua hizi zina maana kubwa kwa mzee mwenye mtoto wa jicho aliyekomaa. Anayeona mwanga na kuonyesha unakotoka ana nafasi nzuri ya kufaidika na upasuaji. Usikubali aandikiwe tu "haoni".

Baba yangu hakusoma shule. Atapimwaje?

Kwa chati ya E. Ni herufi E peke yake iliyogeuzwa pande nne, naye anaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi: juu, chini, kulia au kushoto. Ipo pia ya duara lenye pengo, iliyotolewa na Edmund Landolt mwaka 1888. Zote zinapima kwa usahihi uleule.

Tafadhali, usimuulize mzee mbele ya foleni nzima, "Unajua kusoma?" Mpe chati ya E kama unavyompa kila mtu. Mzee aliyeaibishwa atasema "sioni" ili yaishe, na hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye kadi.

Mbali naona vizuri, ila meseji za simu sizioni. Nimeambiwa ni umri. Ni kweli?

Ukiwa umevuka miaka 40 hivi, yawezekana kabisa. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kuvuta vitu vya karibu. Hupimwa kwa kadi ya maandishi ikiwa sentimita 40 kutoka usoni, na matokeo huandikwa kwa herufi N: N5 ni maandishi madogo sana, N8 ni kama ya gazeti. Fundi cherehani na mtu wa ofisini hawahitaji namba moja, kwa hiyo sema kazi yako na onyesha kwa mikono unashika kazi yako umbali gani.

Nimesoma hadi mstari wa mwisho. Mbona naambiwa nina glakoma?

Kwa sababu chati inapima katikati, na glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi huanza kula pembeni. Mtu anaweza kuwa na 6/6 huku akijigonga kwenye milango. Ndiyo maana daktari anapima pia presha ya jicho, anaangalia mshipa wa fahamu na kupima eneo la kuona. Kama mzazi au ndugu yako wa damu ana glakoma, 6/6 isikutoe kliniki mapema.

Ile mashine ya kuangalia kijumba au puto si inatosha?

Haitoshi. Inakadiria namba ya lenzi, haijui unaona nini. Namba yake ni mahali pa kuanzia. Lazima baadaye ukae mbele ya chati ujaribiwe lenzi moja baada ya nyingine. Ukiandikiwa miwani kutoka kwenye karatasi ya mashine bila kusoma chati, rudi ukaombe kupimwa.

## Watoto

Mtoto apimwe akiwa na umri gani?

Akizaliwa, mboni zake zimulikwe kuona kama mwanga unarudi mwekundu katika macho yote mawili. Kufikia wiki 6 hadi 8 anapaswa kutazama uso wa mama na kuufuata. Kati ya miaka 3 na 5 apimwe kwa picha au E, na akianza shule apimwe tena. Kama macho yana makengeza, yanachezacheza, au familia ina historia ya matatizo ya macho utotoni, usisubiri ratiba yoyote.

Mtoto asiyejua kuongea atasemaje anaona au haoni?

Anasema kwa macho na kwa kilio. Mtoto mchanga akionyeshwa kadi ya kijivu yenye mistari upande mmoja, macho yake hukimbilia kwenye mistari. Mpimaji anazidi kuonyesha mistari myembamba zaidi mpaka mtoto aache kuchagua. Kipimo hiki kilienezwa na kadi za Davida Teller, mtafiti wa Marekani.

Lipo jaribio jingine lisilohitaji kifaa. Mpakate mtoto, mwonyeshe kitu anachokipenda, ziba jicho moja kwa kiganja, kisha jingine. Mtoto mwenye macho sawa atakerwa sawasawa. Lakini ukiziba la kulia akatulia anacheza, ukiziba la kushoto akalia, akasukuma mkono wako na kugeuza kichwa kutafuta upenyo, huyo amekwambia waziwazi kwamba analitegemea la kushoto. Bibi anaweza kusema, "Huyu ana deko tu." Rudia akiwa ameshiba na amelala vya kutosha. Akilia tena upande uleule, mpeleke.

Wa miaka 3 hadi 5 je?

Tunatumia picha. Zinazojulikana zaidi ni za Lea Hyvärinen, daktari wa macho wa Finland, aliyezitoa mwaka 1976: tufaha, nyumba, duara na mraba. Zimechorwa ili zikififia zote zionekane kama kiduara, mtoto asipate kukisia kwa umbo. Si lazima azitaje. Anapewa kadi mapajani na kuonyesha inayofanana na ile ya mbali. Akiita tufaha "moyo" au "embe", muachie; mradi aliite hivyo kila mara.

Mfundishe kwanza kwa karibu, macho yote yakiwa wazi, mpaka aone ni mchezo. Pima upesi, maana akichoka namba zake hazina maana tena. Anza na jicho unalolitilia shaka, akiwa bado na hamu.

Picha au herufi ziwe zimezungukwa na nyingine au na vistari. Jicho vivu husoma herufi iliyo peke yake vizuri kuliko zilizobanana, kwa hiyo kadi za herufi mojamoja zinaweza kulipitisha.

Kwa nini mnasisitiza jicho mojamoja?

Kwa sababu jicho zima hulifichia jicho bovu siri yake. Mtoto anakimbia, anadaka mpira, anasoma ubaoni, na jicho moja halijawahi kufanya kazi. Yeye mwenyewe hajui. Hajawahi kuona kwa namna nyingine.

Katika miaka ya mwanzo ubongo bado unajifunza kuona. Jicho moja likileta picha yenye ukungu, kwa sababu ya namba ya miwani, makengeza au mtoto wa jicho, ubongo hulipuuza, na hapo jicho linakuwa vivu. Tiba ni kuondoa chanzo, kuvaa miwani, na mara nyingi kuziba jicho zima kwa saa kadhaa kwa siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Matokeo ni bora zaidi kabla ya miaka 7 hivi, ingawa hata wakubwa kidogo hunufaika. Tofauti ya mistari miwili kati ya macho inatosha kumpa mtoto rufaa, hata kama jicho lenye nafuu ni 6/6.

Mwanangu katiwa matone, sasa hasomi karibu na jua linamuumiza. Ameharibiwa?

Hapana. Watoto wana nguvu kubwa ya kuvuta lenzi ya jicho, na wakipimwa miwani bila kuilegeza wanaweza kupewa namba ya uongo. Matone huilegeza na kupanua mboni. Matone ya saiklopentoleti kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Ya atropini huweza kukaa wiki moja au zaidi. Mvalishe kofia, na mwandikie mwalimu kwamba kwa muda huo hataweza kusoma karibu. Uso ukiwa mwekundu sana, akipata homa au kuweweseka, mrudishe hospitali mara moja.

Kwenye picha ya simu, mboni moja imetoka nyeupe. Ni flashi tu?

Inaweza kuwa pembe ya picha, lakini usikae nyumbani ukijiuliza. Weupe kwenye mboni unaweza kuwa mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto wadogo inayotibika vizuri ikiwahiwa. Usisubiri mtoto afike umri wa kusoma chati. Nenda hospitali yenye idara ya macho, kama Muhimbili, CCBRT au KCMC kwa Tanzania, au Kikuyu kwa Kenya, na beba hiyo picha.

## Shuleni na nyumbani

Mwalimu anaweza kupima darasa zima?

Anaweza, akielekezwa. Kinachohitajika ni kamba au utepe wa kupimia umbali, ukuta wenye mwanga usiompiga mtoto usoni, kikingio, na E ya ukubwa mmoja, mara nyingi 6/9 au 6/12. Anayeshindwa hupimwa tena siku nyingine. Akishindwa tena, hupewa rufaa.

Wapime mmojammoja, wengine wakiwa nje. Wanaosubiri husikia majibu na kuyakariri, na mtoto wa sita kwenye foleni anataja mstari mzima huku akitazama dirishani. Wengine hupiga chabo kati ya vidole. Hawana hila. Wanadhani ni mtihani na wanataka kufaulu, kwa hiyo waambie mapema kwamba hakuna kufeli. Na kabla hujamwita mtoto mzembe kwa kunakili vibaya ubaoni, mpime.

Programu za simu zinaaminika?

Baadhi, ndiyo. Peek Acuity, iliyotengenezwa na kundi la daktari wa macho Andrew Bastawrous na kujaribiwa Nakuru, Kenya, hutumia E inayogeuka kwenye skrini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha inakaribiana na chati za kliniki. Baadaye utaratibu wa Peek ulitumiwa shuleni Trans Nzoia, ambako wazazi walikumbushwa kwa ujumbe wa simu kuwapeleka watoto waliopewa rufaa. Programu isiyokuuliza umbali wa kusimama iache.

Mwanangu akivaa miwani, macho hayatazoea na kuharibika zaidi?

Hapana. Miwani sahihi haidhoofishi jicho, na kwa mtoto kuikosa ndiko kunakoweza kuzaa jicho vivu. Akiivua na kuona ukungu zaidi ya zamani, ni kwa sababu sasa amejua kuona vizuri kukoje.

## Hali za pekee

Mtoto wangu ana ualbino na macho yake huchezacheza. Kila tukipimwa majibu ni mabaya kuliko anavyoonekana nyumbani.

Hilo ni la kawaida, na mara nyingi kosa liko kwenye upimaji. Ukiziba jicho moja kabisa, macho yanazidi kucheza na namba inashuka. Omba jicho litiwe ukungu kwa lenzi nene badala ya kuzibwa, na apimwe pia kwa macho yote mawili pamoja, kwani hivyo ndivyo anavyoishi. Akiinamisha au kugeuza kichwa, aachwe. Ametafuta mwenyewe mkao ambao macho yake yanatulia.

Apimwe karibu pia. Wengi wanaosoma 6/36 au 6/60 kwa mbali husoma maandishi ya kitabu wakikileta karibu na uso, na hilo halidhuru macho. Miwani inaweza kuongeza mistari kadhaa bila kumfikisha 6/6. Akae mbele darasani, mbali na mwanga wa dirisha, na aruhusiwe kusogea ubaoni.

Nina kisukari. Mwezi jana nilipimwa miwani, leo hainifai.

Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho hubadilika nayo, hivyo namba ya wiki hii siyo ya wiki ijayo. Subiri sukari itulie kwa wiki kadhaa ndipo upimwe miwani. Retina usiisubirishe: ichunguzwe kila mwaka hata kama unasoma 6/6.

Mtoto anasema haoni, lakini daktari amesema macho ni mazima.

Hutokea, hasa kwa wa umri wa shule. Tunampima kwa umbali tofauti: aliyeishia mstari wa 24 kwa mita 6 anapaswa kufika wa 12 kwa mita 3. Asipofika, majibu hayalingani. Wakati mwingine tunamvalisha miwani ya majaribio yenye lenzi zisizo na namba, tukimtia moyo polepole, naye anasoma hadi chini. Kwanza hakikisheni retina na mishipa ya fahamu vimeangaliwa kweli, na matone yametumika. Vikiwa salama, msimwite mwongo. Muulizeni taratibu kuhusu shule, nyumbani na rafiki zake, kisha apimwe tena baada ya miezi michache.